Jina Nililolirusha Ng'ambo ya Minyaa

Mwanangu,

Nimeanza barua hii mara tatu, na mara zote tatu nimekwama mahali pale pale, kwenye jina lako. Kila nikiandika "Mpendwa Dhuluma" kalamu inasimama. Miaka ishirini nimelitamka jina hilo kwa sauti kubwa kuliko baba yeyote hapa kijijini Gehandu anavyomwita mtoto wake, na leo siwezi kuliandika kwenye mstari wa kwanza. Basi nimeandika mwanangu. Hilo halina ubishi.

Wewe na mama yako mmekwenda Katesh kununua ndoo, shuka na vitu vingine vya chuo, na mtarudi na gari la jioni. Wazazi wengine huandika barua kama hii usiku, watu wakiwa wamelala. Mimi usiku jicho langu la kushoto halioni mstari, kwa hiyo naandika mchana, hapa mlangoni, kuku wakinipita miguuni. Habari za jicho hili nazo nitakuambia. Mambo ya kufunga begi, ya kuangalia simu yako stendi na ya kutolala na njaa, mama yako ameyasema wiki nzima, na nimeona umeshachoka kuyasikia. Sitayarudia.

Nianze na Jumapili. Baada ya misa padri alikuita mbele ili watu wakuombee kabla hujaondoka kwenda Dodoma. Ukasimama na gauni lako la bluu, ukashika maiki bila woga, ukasema: "Jina langu ni Dhuluma. Wengi wamenishauri nilibadilishe. Sitalibadilisha. Nakwenda kusoma sheria, na kesi yangu ya kwanza itakuwa ya shamba la baba yangu."

Watu wakapiga makofi. Shangazi zako wakapiga vigelegele kanisani. Kwenye benchi la nne upande wa wanawake alikaa mama yako mdogo, Mama Tluway, mjane wa mdogo wangu Damiano. Aliinamisha kichwa, akawa anakunja na kukunjua upindo wa kitenge chake. Alijua ni shamba gani unalosema, maana ndilo analolima yeye na watoto wake. Na mimi, nikijua ninachokijua, nikapiga makofi pamoja na wengine. Nilipiga mpaka viganja vikawaka moto.

Tangu siku hiyo chakula hakishuki vizuri. Mama yako haniulizi kwa nini, kwa sababu anajua. Anajua tangu siku uliyozaliwa.

Kwetu hapa jina la mtoto ni habari ya siku aliyozaliwa. Unamjua Tluway, mtoto wa kwanza wa Damiano; jina lake ni mvua kwa Kiiraqw, na kweli siku ile ilinyesha mpaka mkunga akashindwa kuvuka korongo. Unamjua yule Sensa wa kule kilimani, aliyezaliwa siku makarani walipopita kuhesabu watu. Kuna mzee wa Basotu anaitwa Trekta, kwa sababu mama yake alishikwa na uchungu siku mashine ya kwanza ilipoingia kwenye mashamba ya ngano, na sasa ana wajukuu wanaoitwa kwa jina la babu yao. Kuna Shida, kuna Tabu, kuna Sikujua. Tunacheka, halafu tunazoea. Jina la namna hiyo halimdhuru mtu, linasema tu kilichotokea.

Lakini kuna jina la namna nyingine, lile linalotumwa kwa jirani. Watu wengi wenye akili humpa mbwa jina la namna hiyo. Mtu amegombana na jirani, ananunua mbwa anamwita Mtachoka, kila jioni anamwita kwa nguvu, na jirani anaelewa. Mbwa anatikisa mkia, hana habari. Mimi sikuwa na mbwa mwaka ule. Nilikuwa na wewe.

Nakumbuka nesi wa zahanati akiwa na kadi ya kliniki mkononi, akaniuliza jina. Nikamwambia. Akaacha kuandika, akamtazama mama yako. Mama yako alikuwa amelala kitandani, hana nguvu hata ya kukaa, lakini aliniambia neno ambalo hajawahi kulirudia wala mimi sijawahi kulisahau. Alisema, "Si ungempa mbwa hilo jina?"

Nikamwambia nesi aandike. Na nilichagua Kiswahili makusudi. Dhuluma kwa Kiiraqw ingeishia kwa ukoo wetu. Nilitaka na wafugaji wanaopitisha ng'ombe waelewe, na wafanyabiashara wa mnadani waelewe, na mwalimu, na mgeni wa serikali. Nilitaka kila anayepita njia ya kisimani akisikia unaitwa aulize ni nani aliyedhulumiwa na ni nani aliyedhulumu, na ajibiwe. Katekista naye alipoandika jina la ubatizo aliniuliza mara mbili kama nina hakika na hilo jingine. Akakupa Paulina, na Paulina amebaki kwenye kitabu cha parokia tangu siku hiyo, hajawahi kutoka nje.

Ulipoanza darasa la kwanza ulirudi unalia. Mwalimu alikuwa ameita majina, ukajibu "nipo", na darasa zima likacheka. Ukaniuliza, "Baba, dhuluma ni nini?"

Nilikuwa na nafasi siku ile. Mtoto wa miaka saba angesamehe haraka na kusahau kabla ya chakula. Badala yake nilikupakata nikakusimulia ile hadithi unayoijua. Kwamba babu yako aliponigawia mimi shamba la juu na Damiano shamba la chini, alipanda minyaa katikati iwe mpaka. Kwamba Damiano aling'oa minyaa akameza upande wangu, ile sehemu ya kule korongoni inayoshika unyevu hata kiangazi, inayootesha maharage wakati kwa wengine yamekauka. Kwamba aliwanunua wazee wa kitongoji wakampa haki isiyo yake. Kwamba jicho langu liliumia nikitetea urithi wetu. Na kwamba wewe ulizaliwa wiki ile ile, nikakupa jina hilo ili haki yetu isisahaulike.

Ukaacha kulia. Ukajifuta kamasi kwa mkono ukasema, "Basi nikiwa mkubwa nitalirudisha." Nikacheka kwa furaha, mwanangu. Nikamwita mama yako aje asikie. Hakuja.

Sasa soma polepole, kwa sababu sitaweza kuandika hili mara mbili. Aliyeng'oa minyaa ni mimi.

Damiano alikuwa Basotu, kibarua kwenye mashamba ya ngano, hajaoa bado. Alikaa huko misimu mitatu ya kilimo. Shamba lake aliniachia nilitazame, alilime yeyote ninayemtaka, nimwekee gunia mbili tatu za chakula. Mnyaa ni mti mwepesi. Ukikata tawi ukalichomeka ardhini wakati wa mvua, linashika, na mwaka unaofuata lina urefu wa mtoto. Msimu wa kwanza nilisogeza mpaka hatua tatu. Nilichomeka matawi mapya upande wake, nikakata ya zamani na kuyachoma moto. Msimu wa pili hatua tatu nyingine. Msimu wa tatu nikafika korongoni.

Sikuwa na njaa. Nakuambia hivyo ili usinitafutie sababu, maana najua utajaribu. Nilikuwa na shamba linalotosha, ng'ombe na afya. Nilimwonea wivu tu kwa sababu baba alimpa mdogo sehemu yenye maji. Niliona mimi ndiye niliyebaki kumuuguza baba, mimi ndiye niliyestahili. Labda kulikuwa na ukweli kidogo katika hilo. Wivu hauanzi bila kipande cha ukweli, unakula hicho kwanza ndipo unaendelea na mengine.

Jicho langu, basi. Msimu wa tatu nilikuwa nakata minyaa kwa haraka, nikijificha watu wasinione, na utomvu ukaniruka. Wewe umekulia hapa, unajua maziwa ya mnyaa yanavyofanya kwenye jicho. Nilikaa siku nne gizani mama yako akiniosha kwa maji na maziwa ya ng'ombe. Hapakuwa na ugomvi wala mtu aliyenipiga. Ule upofu kidogo unaouonea huruma, ukinisomea maandishi ya simu, niliupata nikiiba.

Damiano aliporudi alisimama shambani kwake nusu siku. Hakupiga kelele. Alikuja akanisalimia, "Shikamoo kaka," akaniuliza kama baba yetu aliwahi kusogeza mpaka bila yeye kujua. Nikamwambia mpaka upo pale ulipokuwa siku zote, labda ngano za Basotu zimempunguzia kumbukumbu. Akaenda kwa wazee.

Wazee walikuja watano, wakapima, wakasikiliza maneno yangu mengi na yake machache. Kisha mmoja wao, mzee aliyekuwa anasinzia, akasema, "Leteni jembe." Wakachimba pale Damiano alipoonyesha. Mnyaa hata ukiuchoma, shina la chini linabaki. Yalikuwepo mashina ya baba, moja baada ya jingine, kwenye mstari ulionyooka kutoka upande mmoja wa shamba mpaka wa pili, meusi kwa moto wangu. Yule mzee aliniangalia akaniambia niyarudishe minyaa kwa mkono wangu mwenyewe, na nimpelekee ndugu yangu ng'ombe tumalize. Ng'ombe nilipeleka. Minyaa nikapanda tena, Damiano akinitazama kutoka mlangoni kwake, na nikahisi kila tawi ninalochomeka linanichoma mimi.

Ulizaliwa siku ya tatu baada ya hapo.

Utajiuliza mtu aliyekamatwa anapata wapi nguvu ya kulia kwamba ameibiwa. Mimi mwenyewe nimejiuliza. Nilichojifunza ni kwamba aliyekosewa siku moja huchoka na hasira. Ana shamba la kulima, ana watoto, anaendelea na maisha. Mkosaji hachoki. Akinyamaza tu, anasikia ukweli. Kwa hiyo ni lazima apige kelele, na mimi nilipiga kelele kwa kinywa cha mtoto.

Unakumbuka nilivyokuwa nikikuita jioni? Majirani walinisifu. Walisema yule mtu anampenda binti yake, hakiliki chakula kwake mpaka amemwita. Nilikuwa nasimama pale kwenye minyaa, nageukia upande wa Damiano, naita "Dhuluma", narudia, nanyoosha sauti mpaka inagonga bati lake. Wakati mwingine ulikuwa ndani ya nyumba, nyuma yangu, ukitoka unasema, "Baba, nipo hapa." Nami naendelea kuita. Ulidhani sisikii vizuri. Mwanangu, nilikuwa nasikia. Sikuwa nakuita wewe.

Je, umewahi kugundua kwamba mama yako hajalitamka jina lako hata mara moja? Anakuita binti, anakuita mama, anakuita mwanangu. Nilimkataza kusema ukweli, nikamwambia akisema atakuwa amenivua nguo mbele ya watoto, na yeye akanyamaza kwa ajili ya nyumba. Lakini jina alilikataa mpaka leo. Mimi nilidhani ni ukaidi.

Miaka mitatu baada yako, Damiano alipata mtoto wa kiume. Kijiji chote kilisubiri jina. Walevi wa kilabuni walishindana kulibashiri: wengine Mwizi, wengine Mwongo, mmoja akasema Minyaa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaandaa hasira yangu. Damiano akamwita Gwandu.

Akampa jina langu. Mpaka leo huyo kijana anaitwa kama mimi, na wewe umekuwa ukimwita yule wa ng'ambo. Niliposikia nilisema ananikejeli, nikamwambia kila mtu hivyo, na wewe pia. Lakini jioni zilipofika, mimi huku nikirusha jina lako, mama yake kule alikuwa akimwita mwanae, "Gwandu, njoo ule." Kwa upole kabisa, mara moja tu. Miaka kumi na zaidi nimekuwa nikigeuza shingo kila jioni nikisikia naitwa nikale katika nyumba niliyoiibia. Kama ilikuwa kejeli, haijawahi kuwepo kejeli ya namna ile.

Na kila asubuhi tulipokutana njiani alinipa shikamoo yangu. Damiano alinizidi kwa hilo. Mimi nilijibu "mh" nikapita. Unajua kwetu uzito wa kuinyima shikamoo marahaba yake. Wewe ulipofika darasa la sita ukaacha kumwamkia yeye na mkewe kabisa, ukipita unatazama mlima. Watu wakaja kuniambia binti yangu ameharibika adabu. Nikawajibu kwamba anajua anachofanya. Niliona fahari.

Tluway alikuambia ukweli mwaka huo. Alikuambia shambani, mkiokota kuni, kwamba baba yake hakuiba, baba yako ndiye. Ukampiga jiwe la paji la uso, na kovu analo. Damiano alimwosha mtoto wake damu, akaja mpaka kwenye minyaa, akasema tu kwamba usipigwe, mtoto anamtetea baba yake na hilo si kosa. Kisha akaondoka. Siku ile ile nikakununulia soda.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, maana nilikuwa na mtu wa kunibeba.

Damiano aliugua mwaka juzi, tumbo, akakonda mpaka pete ikawa inaanguka. Mama yako alikwenda kule kila siku na uji bila kuniomba ruhusa. Mwishowe akaniambia kama siendi kumwona ndugu yangu nisimwombe tena kuniandalia meza. Nikaenda. Nilivuka minyaa kwa mara ya kwanza tangu nilipoipanda upya.

Alikuwa amelala ubavu. Aliponiona akasema, "Shikamoo kaka." Nikasema marahaba. Tukazungumza habari za mvua, habari za ng'ombe wa mnadani, mambo ambayo watu huzungumza wakiogopa kuzungumza. Nilipoinuka kuaga akanishika kiganja. Aliniambia, "Kaka, lile jina ni lako. Mtoto mpe la kwake."

Nilimwambia apumzike, nitarudi kesho. Kesho sikurudi, wala kesho kutwa, na wiki iliyofuata tukachimba kaburi.

Ulikuja kutoka shuleni kwa mazishi. Foleni ya ndugu ilipofika kwako, wewe mtoto wa kaka yake wa tumbo moja, ulikataa kutupa udongo. Ulikunja mikono kifuani ukasimama pembeni, umekaza uso, machozi hakuna. Watu walishika vinywa. Mama Tluway aliona. Wewe uliinua macho ukanitafuta katikati ya watu, na ulipoona nimekuona, uliniinamishia kichwa kidogo, kama askari anayemjulisha mkubwa wake kwamba kazi imefanyika. Nikainamisha kichwa kukujibu. Ningeweza kukushika mkono tukautupa ule udongo pamoja. Nimefanya mabaya mengi lakini hilo ndilo linaloniamsha.

Nakuandikia sasa kwa sababu Jumapili ulisema neno "kesi", na nikaona mbele yangu kitakachotokea. Wewe si mtu wa kusema tu. Utasoma, utafaulu, utarudi na faili. Wale wazee watano wamekufa wanne, na wa tano hamtambui hata mkewe. Mashina ya zamani yameoza. Mama Tluway hajui kusoma hati. Utashinda, mwanangu. Utamtoa mjane kwenye maharage yake kwa sheria safi, ukiamini moyoni unanifutia machozi. Na ndipo jina litakuwa lako kweli.

Sijawahi kumwomba mtu yeyote jambo gumu kama ninalokuomba: chukua ile hasira uliyonibebea tangu darasa la kwanza, uitue. Sikuambii uiweke wapi. Ukiamua kunitupia mimi, itakuwa imefika kwa mwenyewe hatimaye. Sitakuambia pia unisamehe. Mtu akiombwa msamaha usiku wa kuamkia safari anakubali ili apate kulala, na msamaha wa namna hiyo mimi siutaki.

Kuhusu jina, nimesikia kwamba kwa wakili wa Katesh mtu huapa kiapo na jina linabadilika mpaka kwenye vyeti. Ukitaka kufanya hivyo usihofu kwamba utakuwa umenikana. Paulina yupo parokiani, hajachoka kusubiri. Au tafuta lingine kabisa. Nilifikiri nikuchagulie mimi, kama Damiano alivyoniagiza. Nimeandika majina sita nyuma ya karatasi hii, nikayafuta yote. Mtu aliyekosea namna ile mara ya kwanza asipewe kalamu tena. Na ukiamua kubaki nalo, baki nalo ukijua ni habari ya siku gani. Ni habari ya kweli, ila mtendaji ni mwingine.

Nilikusudia kuificha barua hii kwenye begi lako, chini ya vyeti, uikute Dodoma. Nilikuwa nimeshaikunja. Halafu nikajiona ninavyofanya: nakata mnyaa tena wakati mwenye shamba hayupo. Kwa hiyo nitaiweka kitandani kwako sasa hivi, juu ya lile gauni la bluu. Utaisoma kabla ya jua kuzama, ukiwa bado huku, miguu yako ikiwa bado inaweza kukufikisha mahali. Nyumba ya Mama Tluway haina hatua mia kutoka hapa. Hajaipata shikamoo yako miaka minane.

Mimi natangulia. Mtakaporudi kutoka stendi hamtanikuta mlangoni. Nimevaa shati la misa, nimechukua jembe, nimechukua na mtungi wa maziwa kwa sababu sijui mtu anaingiaje mikono mitupu katika nyumba kama ile. Nitamwambia mama yako mdogo mbele ya watoto wake yote niliyokuandikia, bila kupunguza. Tluway kama atanipiga jiwe, atakuwa na haki. Kisha nitamwomba huyo Gwandu mwenzangu anisaidie kuchimba, tutafute kama limebaki shina hata moja la babu yenu, walione kwa macho, waweke jiwe pale, ili siku nikifa asiwepo wa kuwasumbua kwa jina langu wala kwa lako.

Giza likiingia utanisikia sauti upande ule, na huenda ukasimama kwenye minyaa ukitaka kujua kama uje. Ukitaka, njoo. Usipotaka, kaa na mama yako mfunge begi, nitaelewa. Ila usisubiri nikuite, mwanangu. Nimeita vya kutosha.

Baba yako,
Gwandu